Kompaila Tatu na Kompyuta za Izigo

Kila jioni Annastella alikuwa na kazi mbili nyumbani kwao Rwamishenye, mjini Bukoba: kumenya ndizi na kubembeleza. Kumenya ndizi aliagizwa na mama yake. Kubembeleza alijiagiza mwenyewe, maana kaka yake Damian alikuwa likizo kutoka chuo kikuu, na alikuja na laptopu mpya ambayo haikutoka mkononi mwake bila maneno matamu.

"Kaka Damian, shati lako nimelipiga pasi."

"Nani kakutuma?"

"Nimeona tu limekunjamana. Halafu, kaka, naomba laptopu kidogo."

"Ahaa! Nilijua tu. Wewe hupigi pasi bure."

Lakini Damian alikuwa na moyo mwepesi kwa mdogo wake. Alimpa, akamwonya asiweke sufuria karibu, na Annastella akakaa kwenye kona ya sebule, mikono bado inanata utomvu wa ndizi, akaanza kuandika programu.

Alikuwa kidato cha pili, mwanachama wa klabu ya kompyuta shuleni kwao, na kwa kweli alikuwa hodari. Hakuna aliyebisha hilo. Tatizo lake lilikuwa moja: akipenda kitu, amependa, na anayekisema vibaya kitu hicho ni adui yake.

Wiki zile alikuwa amependa kompaila. Kompaila, kwa asiyeijua, ni programu inayochukua maagizo uliyoyaandika kwa maneno na kuyageuza yawe lugha ya mashine ili kompyuta iyatekeleze. Bila kompaila unaweza kuandika maagizo mpaka vidole viume, na kompyuta itakutazama tu. Ziko za kununua, na ziko za bure ambazo wenyewe wamezitoa kwa hiari kwa yeyote anayejifunza. Klabu ilikuwa na tatu za bure, na kwa kuwa majina yake ya Kiingereza yalikuwa marefu, wanafunzi walizibatiza upya.

Ya kwanza waliiita Bwana Harusi, kwa sababu ilikuja imependeza: rangi, vitufe, madirisha yanayofunguka kila upande. Ya pili iliitwa Mzee, maana ilikuwepo tangu zamani na ilikuwa na maelezo mengi. Ya tatu iliitwa Kimya. Hiyo haikuwa na pambo lolote. Ulikuwa unaona kioo cheusi tu, na usipokosea haikwambii neno.

Annastella alikuwa wa Bwana Harusi. Buberwa, kijana aliyekaa dawati la nyuma yake, alikuwa wa Mzee. Klabu nzima iligawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Kimya haikuwa na shabiki hata mmoja.

"Bwana Harusi wako anakula nafasi yote ya mashine," Buberwa alikuwa akisema. "Mgeni gani huyo anayekuja na magunia saba?"

"Na Mzee wako anakohoa," Annastella alijibu. "Mpelekee dawa."

Mzaha huo ungeendelea mwaka mzima kama Madam Stellah, mwalimu mlezi wa klabu, asingeleta habari mpya. Shule moja kule Izigo, wilayani Muleba, ilikuwa imepewa kompyuta mbili za zamani. Hazikuwa na kompaila wala mtandao. Wanafunzi wa kule walikuwa wakiandika programu kwa kalamu kwenye karatasi bila kujua kama zinafanya kazi. Na kompyuta zile zilikuwa zimewekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya maharage ya chakula cha wanafunzi, na wazazi walikuwa wanakitaka chumba chao.

"Jumamosi ya wiki ijayo kuna kikao cha wazazi pale," Madam Stellah alisema. "Wanafunzi wa Izigo wakionyesha jambo la maana, chumba kinabaki chao. Wasipoonyesha, maharage yanarudi na kompyuta zinafungwa kwenye maboksi. Tutawapelekea kompaila moja waanze nayo. Annastella, wewe utazipima zote tatu. Programu moja, kwenye mashine moja. Tumia ile kompyuta ya mlangoni, ndiyo kuukuu kuliko zote. Za Izigo ni kuukuu zaidi ya hiyo."

Annastella alifurahi mno, kwani Dativa, binti wa baba yake mkubwa, alisoma shule hiyohiyo ya Izigo. Programu ambayo wangeonyesha wazazi ilikuwa ya Dativa mwenyewe. Watoto wengi wa kule wanaanza darasa la kwanza wakijua Kihaya tu, Kiswahili kinawapiga chenga, wengine wanalia. Dativa alitunga mchezo: kompyuta inaandika neno la Kihaya, mtoto anajibu kwa Kiswahili. Mchezo wote ulikuwa kwenye karatasi, umeandikwa kwa mwandiko mzuri, na haujawahi kuchezwa hata mara moja.

Annastella alianza vizuri. Aliijaribu Mzee kwenye kompyuta ya mlangoni, ikafanya kazi kwa kujivuta. Akaijaribu Kimya, ikafanya kazi, ila hakuitazama sana. Kisha akaanza kuweka Bwana Harusi. Alingoja na kungoja. Kompyuta ilinguruma, ikalalamika kwamba nafasi haitoshi, ikaganda. Annastella aliizima haraka akitazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

"Hii mashine ni mbovu," alijiambia. "Si kosa la Bwana Harusi."

Jioni ile alipiga pasi mashati mawili ya Damian. Kwenye laptopu mpya Bwana Harusi alimaliza kazi kabla hujapepesa jicho. Annastella alitabasamu, lakini moyoni kitu kilimchoma kidogo. Alikinyamazisha.

Siku ya klabu alisimama mbele na kutangaza mshindi. Bwana Harusi, kwa mbali.

Buberwa alinyoosha mkono. "Zote umezipima kwenye kompyuta ya mlangoni?"

"Zote."

"Hata Bwana Harusi?"

"Buberwa, umekuwa askari? Nimesema zote."

Wanafunzi walicheka, na Buberwa akakaa chini ameshindwa. Madam Stellah alimtazama Annastella kidogo, kisha akasema, "Sawa. Nimekuamini. Lakini flashi ibebe zote tatu, safari ina mambo."

Jumamosi asubuhi Madam Stellah, Annastella na Buberwa walifika Izigo. Mvua ilikuwa imepita usiku na migomba ilikuwa bado inadondosha maji. Mwenyekiti wa wazazi, mzee mrefu aliyeitwa Ta Karugendo, aliwapokea mlangoni. Alitoa mfukoni kahawa ya kutafuna iliyofungwa vizuri kwenye jani kavu la mgomba, akampa Madam Stellah kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopokewa kule.

Buberwa naye alinyoosha kiganja. Ta Karugendo alicheka.

"Ninyi subirini, wanangu. Hii tunampa mtu aliyekuja na jambo. Tuonyesheni kwanza jambo lenu."

Kwenye korido waliyopita, magunia ya maharage yalikuwa yamepangwa ukutani, na moja lilikuwa limelowa chini. Ta Karugendo aliligusa kwa mguu. "Mnaona? Chakula cha watoto kinaoza ili vyuma vipate pa kulala. Mchana wazazi watataka jibu, na mimi pia nalitaka."

Dativa alikuwa akiwangoja ndani, karatasi zake kifuani. Alimkumbatia Annastella kwa nguvu. "Sijalala, ndugu yangu! Leo mchezo wangu utatembea!"

Annastella alichomeka flashi, akaanza kusakinisha Bwana Harusi. Kompyuta ile ya zamani, yenye kioo chenye mgongo mkubwa, ilifikiri kwa muda. Kisha ikaandika maneno mafupi: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii.

Alijaribu tena, jibu likawa lilelile. Akahamia kompyuta ya pili, nayo ikamjibu vilevile. Jasho lilimtoka ingawa Izigo kulikuwa na baridi.

"Vipi?" Dativa aliuliza taratibu. "Si ulisema umeijaribu kwenye mashine ya zamani?"

Watu wote chumbani walikuwa wakimtazama. Maneno mabaya yakamtoka Annastella kabla hajayapima.

"Kompyuta zenu ndizo mbovu."

 Dativa aliziweka karatasi zake mezani, akazinyoosha kona, akakaa. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo, "Basi wazazi wana haki. Tumewaozeshea maharage kwa ajili ya vyuma vibovu."

Mlangoni alikuwa amesimama Ta Karugendo. Alikuwa amesikia. Alitikisa kichwa, akaondoka.

Annastella alitoka nje. Alisimama kwenye korido karibu na lile gunia lililolowa, na hapo ndipo machozi yalipomjia. Hakulia kwa sababu ya Bwana Harusi. Alilia kwa sababu alikumbuka kompyuta ya mlangoni ilivyoganda, na jinsi alivyotazama huku na huku. Alijua tangu siku ile. Alijua, akanyamaza, na sasa Dativa ndiye aliyekuwa analipa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilianzia Bukoba na ikaishia hapa Izigo.

Alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akarudi ndani.

"Madam," alisema. "Kompyuta za hapa si mbovu. Mimi nimesema uongo. Bwana Harusi sikumpima kwenye kompyuta ya mlangoni. Nilijaribu, ikaganda, nikaenda kumpima kwenye laptopu ya kaka yangu. Nilitaka ashinde. Dativa, nisamehe."

Dativa alizisogeza karatasi zake mbele ya Annastella.

"Nilijua!" Buberwa aliruka. "Nilijua mimi! Si nilisema?"

"Buberwa," Madam Stellah alimkata, "kujua kwako kunaanzisha kompyuta?"

"Hapana, Madam."

"Basi kaa. Annastella, umeniudhi, na tutalizungumza. Lakini kwa sasa saa ya kikao inakuja na kompaila mbili hazijapimwa hapa. Fanya ile kazi niliyokutuma."

Ndipo Annastella alipofanya kazi aliyotakiwa kuifanya tangu mwanzo. Alichukua karatasi za Dativa, wakazinakili kwa zamu, huyu akisoma na yule akibonyeza. Walianza na Mzee, na Buberwa akaomba aketi mwenyewe. Mzee alikubali kuingia kwenye kompyuta, na Buberwa akapiga makofi. Lakini kwenye maandishi ya Dativa kulikuwa na kosa dogo mahali, na Mzee, badala ya kuwaonyesha, alimwaga ukurasa mzima wa malalamiko. Walisoma juu, wakasoma chini, hawakuona kosa liko wapi. Na walipojaribu kipande kifupi kisicho na kosa, kilitembea kwenye kompyuta ya kwanza tu. Kwenye ya pili kilikataa, kikadai faili fulani ambalo halikuwepo.

Buberwa alikuna kichwa. Angeweza kuendelea kubisha. Mwenzake alikuwa tayari ameanguka, na ushindi ulikuwa karibu. Alivuta pumzi.

"Mzee wangu hapa anatuchelewesha," alisema. "Nampenda, lakini anatuchelewesha. Tujaribu ile nyingine."

Annastella alimtazama kwa mshangao, kisha akafungua Kimya. Kioo kilikuwa cheusi, bila rangi wala pambo. Wakaipa programu ileile ya Dativa, na kosa lake lilelile. Kimya ikaandika mstari mmoja tu, ikataja mahali penyewe. Dativa aliinama kutazama.

"Hee! Mabano sijafunga!"

Aliyafunga. Kimya haikusema neno, na kwa Kimya hiyo ndiyo sifa. Neno la kwanza likatokea kwenye kioo: *enkoko*.

Dativa aliandika *kuku*, na kompyuta ikajibu: *Hongera!* Dativa alipiga kelele mpaka kuku halisi aliyekuwa akidonoa maharage koridoni akakimbia. Wakaupeleka mchezo kwenye kompyuta ya pili, ukatembea vilevile.

Wazazi walipokuja walijaa chumbani hadi kwenye madirisha. Dativa alieleza mchezo wake, watoto wadogo wawili wakaucheza, na kila *Hongera!* ilipotokea akina mama walishangilia. Kisha Ta Karugendo akasogea mbele, akakaa kwenye kiti, akakunja mikono ya koti. Kompyuta ilimwandikia *amaizi*.

"Hili nalijua, ni maji," alisema. Kidole chake kilizunguka juu ya vitufe kwa muda mrefu. "Sasa hii M mmeificha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Akaipata, akaandika neno zima polepole, na kompyuta ikampongeza. Alitabasamu, lakini hakusimama. Aligeuka akawatazama wageni.

"Asubuhi nilisikia kwa masikio yangu kwamba kompyuta hizi ni mbovu. Sasa naziona nzima. Kabla sijawaambia wazazi hawa tuache chumba, nataka kujua. Asubuhi kulikuwa na nini? Kesho mtaniambia tena ni mbovu?"

Dativa alimtazama Annastella kwa wasiwasi. Madam Stellah alifungua mdomo ili ajibu, lakini Annastella alikuwa amekwisha kusimama.  Akiyasema yale mbele ya wazazi wote, huenda wakaona kompyuta ni mchezo wa watoto waongo, na chumba kikaenda. Asipoyasema, Ta Karugendo atakuwa ameamua bila kuujua ukweli.

"Shikamoo, Ta Karugendo."

"Marahaba, binti."

"Kompyuta hazikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekosea. Zilikuwepo kompaila tatu za kupimwa. Niliyoipenda niliipima kwenye laptopu mpya ya kaka yangu, na nyingine nikazipima kwenye kompyuta kuukuu, nikasema yangu imeshinda. Nikawadanganya wenzangu na mwalimu. Hapa ilipokataa, nikazisingizia kompyuta zenu. Leo tumezipima zote hapahapa, na iliyofaa ni ile ambayo hakuna aliyeipenda. Dativa hana kosa. Naomba msimnyime chumba kwa ajili yangu."

 Mabega ya Ta Karugendo yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Wazazi, mmesikia? Mtoto huyu amepanda mgomba wake kibanjani, penye samadi, na migomba ya wenzake akaipanda kule rweya, kwenye nyasi na mchanga. Halafu akatuambia, tazameni, wangu ndio wenye mkungu mkubwa!"

Chumba kizima kilicheka. Hakukuwa na mkulima pale asiyejua kwamba kwenye rweya mgomba hauoti, hata uwe wa mbegu gani. Annastella naye alicheka huku machozi yakimlengalenga, maana hakuna aliyewahi kumweleza kosa lake vizuri namna ile.

Ta Karugendo aliinua mkono, watu wakatulia.

"Chumba kibaki cha watoto. Magunia tutayapeleka kwangu kwa muda, paa langu halivuji, halafu tutajenga stoo." Makofi yakalipuka, na Dativa akamrukia Annastella shingoni. "Ngojeni, sijamaliza. Binti, njoo."

Annastella alisogea. Ta Karugendo alitia mkono mfukoni, akatoa kifurushi kingine cha jani la mgomba, akamimina kahawa chache kiganjani mwake.

"Asubuhi nilisema hii ni ya mtu aliyekuja na jambo. Jambo lako ni hili ulilolisema sasa. Kukosea si ajabu, hata mimi nimewahi kununua mbuzi kwa kutazama ndevu zake. Lakini shika maneno haya. Ukitaka kujua kipi bora, vyote viweke kwenye udongo mmoja, hata kile unachokipenda. Hasa kile unachokipenda. Anayeichezea mizani hamdanganyi jirani tu. Anajidanganya mwenyewe, na siku ya mavuno atalala njaa."

"Wakola waitu," Annastella alishukuru kwa Kihaya, akapokea kwa mikono miwili. Kahawa ilikuwa chungu na yenye harufu nzuri. Alimgawia Dativa, kisha akamgeukia Buberwa, ambaye kiganja chake kilikuwa tayari kimenyooshwa.

"Jumatatu," Annastella alimwambia, "nitasimama mbele ya klabu niwaeleze yote. Halafu tunaanza upya kwenye kompyuta ya mlangoni, zote tatu. Utakuwa msimamizi wangu?"

Buberwa alitafuna kwanza. "Nitakuwa. Lakini Mzee wangu nitamsimamia mara mbili."

Madam Stellah, aliyekuwa akikunja waya pembeni, alisikia, akacheka peke yake. Alimwita Annastella, akampa flashi mkononi.

"Itunze wewe," alisema. "Sasa nakuamini kuliko nilivyokuamini wiki iliyopita."